Binti yangu huanguka mbele ya mwanga unaopepesa: je, nimfungie ndani?

Swali: "Daktari, ninakuandikia kutoka Busia, upande wa Uganda. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Wakati wa likizo alianguka kifafa mbele ya TV saa sita usiku, umeme ukija na kupotea. Mara ya pili tulikuwa ndani ya teksi tukirudi kutoka matangani Kampala. Tulipoingia msitu wa Mabira asubuhi, jua likipita katikati ya miti, alikakamaa akaniangukia mapajani. Kliniki wamempa kabamazepini. Tangu aanze vidonge hivyo, asubuhi mikono inamruka kuliko zamani, anamwaga chai, na bibi yake anamgombeza kwamba ni mzembe. Sasa ukoo umekaa kikao: tuuze TV, tumnyang'anye simu, tumtoe shule, asitoke nje jua likiwa kali. Je, ni kweli mwanga ndio unaomwangusha? Nimfungie ndani?"

Mama, usimfungie ndani. Na TV msiiuze kwanza.

Nimesoma maneno yako nikakwama kwenye chai. Najua kilichowatisha nyumbani ni kule kuanguka, wala si kikombe kilichomwagika, lakini kwangu mimi chai hiyo ni habari kubwa kuliko zote ulizoniandikia. Kwa hiyo nitaanza nayo, kisha nitarudi kwenye TV na miti ya Mabira.

Mikono inayoruka ghafla asubuhi, hasa muda mfupi baada ya kuamka, kijiko kikamchomoka, mswaki ukamtoka, chai ikamwagika, huku mtoto ana fahamu zake na anakusikia: mara nyingi hiyo ni sehemu ya kifafa chenyewe. Ipo aina ya kifafa inayoanza katika umri wa kubalehe, kati ya miaka 12 na 18 hivi, na mitikisiko ya asubuhi huwa dalili yake ya mwanzo. Mtoto anaweza kukaa nayo miezi mingi bila mtu kumpeleka popote, kwa sababu kila mtu anaona ni uzembe, mpaka siku anapoanguka kabisa. Na wenye aina hiyo ni miongoni mwa wanaoongoza kwa kuchokozwa na mwanga unaopepesa.

Sijamwona binti yako, kwa hiyo siwezi kuupa ugonjwa wake jina nikiwa mbali. Lakini umesema jambo ambalo lazima lifike kliniki wiki hii: mikono iliongeza kuruka baada ya kuanza kabamazepini. Kabamazepini ni dawa nzuri kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, na ndiyo maana imejaa katika vituo vyetu. Kwa kifafa chenye mitikisiko ya namna hii, inaweza kuizidisha. Tafadhali usiikatishe mwenyewe nyumbani. Dawa ya kifafa ikiachwa ghafla inaweza kuleta mfululizo wa degedege usiokatika, na huo unaua. Rudi kliniki, mwambie tabibu kwa maneno yako yale yale: "Asubuhi mikono inaruka, na imezidi tangu tuanze vidonge hivi." Ukiweza, mrekodi kwa simu asubuhi akinywa chai. Video ya nusu dakika itamsaidia tabibu kuliko maelezo ya saa nzima. Huenda hakuuliza habari za asubuhi siku ile, nawe hukujua kwamba chai ni ya kusimuliwa kwa daktari. Na bibi mwambie kwa heshima yake yote: mtoto hamwagi chai kwa kutaka.

Sasa mwanga. Katika kila watu 100 wenye kifafa, wanaoangushwa na mwanga ni kama 3 tu. Hapa kwetu Uganda kifafa kina vyanzo vingi: malaria iliyopanda kichwani utotoni, kuumia wakati wa kuzaliwa, ajali za boda, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika kwenye ubongo. Kule kaskazini, Kitgum na Pader, watoto waliopata ugonjwa wa kutikisa kichwa walikuwa wakishikwa hata kwa kuona chakula au kupata baridi. Kwa wengi wa watoto hawa, kuuza TV hakubadilishi chochote. Nalisema hili kwa sababu nimeona familia ikimnyima mtoto kila kitu chenye kung'aa, kumbe kilichokuwa kikimwangusha ni vidonge vilivyoisha nyumbani siku nne zilizopita.

Lakini binti yako nakuamini. Ni msichana (hali hii huwapata wasichana zaidi ya wavulana), yuko katika umri ambao hujitokeza sana, mikono inamruka, na mara zote mbili alianguka mbele ya mwanga unaokatikakatika. Nadhani mwanga umo. Ila soma tena ulichoandika. Mara ya kwanza ilikuwa saa sita usiku, mtoto bado yuko macho. Mara ya pili mlikuwa mnatoka matangani, na sijui matanga gani watu hulala. Mwanga ulimkuta mtoto ambaye hajalala. Usingizi uliokosekana ndio unaofungua mlango katika aina hii ya kifafa. Laiti angekuwa amelala vizuri, huenda miti ile ile ya Mabira ingempita salama.

Nikueleze mwanga unavyofanya kazi yake, ili uweze kuamua mwenyewe hata penye vitu ambavyo sikuvitaja. Mwanga mkali uliotulia hauna neno. Jua la saa saba mchana uwanjani halimwangushi mtu wa aina hii kwa ukali wake. Kinachochokoza ni mwanga unaowaka na kuzima kwa mpigo, kama ngoma. Sehemu ya nyuma ya ubongo, inayopokea habari za macho, huitikia kila mweko. Kwa watu wengi mwitikio huo huishia pale pale. Kwa mwenye hali hii ubongo unashindwa kuuzuia: seli zinaingia katika mpigo mmoja, jirani anamwitikia jirani, mpaka kichwa kizima kinacheza ngoma ile ile. Hapo ndipo mtu anapokakamaa.

Mpigo wenye hatari ni wa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, na mbaya zaidi ni kati ya 15 na 25. Chini ya mara 3 kwa kawaida hakuna shida. Ndiyo maana taa ya indiketa ya gari, inayowaka mara moja au mbili kwa sekunde, isikusumbue. Kisha kuna mambo yanayozidisha: mwanga ukijaa sehemu kubwa ya macho, ukiwa mkali katikati ya giza, ukiwa mwekundu uliokolea, au ukija pamoja na mistari myeusi na myeupe iliyobanana.

Dunia ililijua hili kwa uchungu tarehe 16 Desemba 1997. Nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilionyesha mweko wa nyekundu na buluu kama mara 12 kwa sekunde, kwa sekunde chache tu. Watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali jioni hiyo, na wengi wao hawakuwahi kuanguka kabla ya hapo. Tangu wakati huo kanuni za utangazaji katika nchi kadhaa zimekazwa: picha isimweke zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Lakini video za muziki zinazowekwa mitandaoni na zile za kunakili zinazouzwa sokoni mara nyingi hazipiti kwa mkaguzi yeyote.

Turudi kwenye TV yenu. Kama ni ile ya zamani ya kichogo, iondoeni kweli, maana kioo chake chenyewe hupepesa mara 50 kwa sekunde, na mtu akikaa karibu ubongo wake huweza kupokea mpigo wa 25, katikati kabisa ya hatari. Kama ni ya bapa, kioo hakina tatizo hilo. Kinachobaki ni picha zenyewe. Binti akae mita mbili na nusu au zaidi kutoka kwenye TV, taa ya chumba iwe inawaka, mwangaza wa kioo upunguzwe, na asiende kuishika kwa mkono kubadilisha chaneli, atumie rimoti. Umeme ukianza kuja na kupotea, TV izimwe mpaka utulie. Ile hali ya giza totoro, TV inawaka, inazima, inawaka tena, watoto wamejikunyata mita moja mbele yake, ni mbaya kwake kuliko filamu yoyote. Kwa sababu hiyo hiyo vibanda vya video namkataza kabisa kwa sasa: chumba cheusi, kioo kikubwa, na vijana hukimbilia viti vya mbele.

Simu ni jambo dogo kuliko ukoo unavyodhani. Kioo chake ni kidogo, kinachukua sehemu ndogo ya macho. Inakuwa hatari pale inapoletwa karibu na uso ndani ya blanketi usiku, na hapo inaiba usingizi pia. Asitazame akiwa amelala gizani, aishike mbali kwa urefu wa mkono, apunguze mwangaza, azime video zinazojicheza zenyewe. Saa tatu usiku simu ihamie chumbani kwako. Msimnyang'anye, kijana wa miaka 15 aliyenyang'anywa simu kwa sababu ya ugonjwa ataanza kuuficha ugonjwa.

Mabira sasa. Piga hesabu nami. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde. Kama kando ya barabara kuna safu ya mikaratusi iliyopandwa kila baada ya mita mbili, na jua liko chini nyuma yake, macho ya aliye dirishani yanapokea mweko kama 8 kwa sekunde. Dereva akikanyaga mafuta unafika 11, na zaidi. Boda ikipita kando ya uzio wa nguzo zilizobanana, hesabu ni ile ile. Saa mbaya ni mbili: jua linapochomoza na linapotua, maana jua la mchana liko utosini na miti haina cha kukata. Kwa hiyo safari zenu zipangeni katikati ya mchana ikiwezekana. Ndani ya teksi akae kiti cha kati, au upande usio na jua, avae kofia yenye kibaraza na miwani ya jua. Na akitoka kukesha, asisafiri alfajiri. Alale kwanza, hata kama nauli imeshalipwa.

Na hapa kuna kitu kimoja ambacho nataka umfundishe leo. Mwanga ukimfumania popote, asifumbe macho yote mawili. Watu wote hufumba, na ni kosa: mweko unapenya kope, tena unapita mwekundu, na wakati mwingine unamchokoza zaidi. Afanye hivi: aweke kiganja juu ya jicho moja alizibe kabisa, kisha ageuze uso kutoka kwenye mwanga. Ubongo ukipokea mpigo kutoka jicho moja tu, kwa wengi nguvu yake haitoshi kuwasha moto. Mfanyishe mazoezi nyumbani mpaka mkono uende wenyewe, kama vile mtu anavyofumba anapoona vumbi. Na ndugu zake wajifunze, ili wamzibe jicho wao wakiona ameduwaa.

Kwingineko utavitambua mwenyewe ukishashika hesabu. Pangaboi lenye mapanga matatu, likizunguka mara 200 kwa dakika chini ya balbu, linakata mwanga mara 10 kwa sekunde. Mtoto asikae chini yake, au taa ihamishwe. Tyubu nzima haina shida, kwa kuwa umeme wetu wa mizunguko 50 huifanya ipepese mara 100 kwa sekunde, kasi iliyo juu sana. Tyubu inayokufa, ile inayopigapiga kama inataka kuwaka, hiyo ibadilishwe siku hiyo hiyo, na balbu za bei rahisi za LED zinazoanza kumweka vilevile. Ziwani mawimbi madogo yakimetameta jua likiwa chini, atazame upande mwingine. Miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao, inasaidia hapo. Taa za disko, iwe harusini au kwenye mkutano wa injili wa usiku, ni za kukimbia: wakianza kuzimwesha, azibe jicho atoke nje, wala asione haya. Misafara ya magari yenye taa za kumweka, mawili matatu kwa pamoja, ageuze uso mpaka ipite. Kwa fundi wa kuchomelea vyuma kando ya barabara asitazame, ingawa sababu kubwa pale ni kwamba mwanga ule unaunguza macho ya mtu yeyote.

Utasikia pia habari za miwani ya buluu. Ipo lenzi maalumu ya buluu. Katika utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2006 kwa wagonjwa 610, wengi sana kati yao mwitikio wa ubongo kwa mwanga ulipungua au kuisha walipoivaa. Lakini lenzi hiyo si kila kioo cha buluu. Zile za mtaani zina rangi tu, usitoe pesa yako.

Niseme na jambo moja hata kama halijatokea kwenu, kwa ajili ya mama mwingine atakayesoma. Kuna watoto wanaogeukia jua na kupunga vidole mbele ya macho, tena na tena, na huonekana kama wanajichezea au wanajianzishia ugonjwa kwa makusudi. Kwa wengine kule kupunga ni sehemu ya kifafa chenyewe. Mtoto huyo hapigwi. Anavalishwa kofia na kupelekwa kliniki.

Kuhusu kipimo: EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, ndicho kinachothibitisha. Wanambandika nyaya kichwani, haziumi, kisha wanamwashia taa inayomweka kwa kasi mbalimbali na kuangalia ubongo unavyoitikia, wakisimamisha mara tu dalili inapoonekana. Mashine hizi ni chache na nyingi ziko Kampala, kwa hiyo kutoka Busia ni safari ya kama kilomita 200. Uliza kliniki wakuandikie barua ya rufaa. Lakini matibabu yasisubiri EEG. Tabibu makini anaweza kuanza kurekebisha kwa kusikia habari ya chai na ya Mabira.

Katika kurekebisha huko nakuomba uwe macho kwa jambo moja. Dawa inayotuliza sana kifafa cha mwanga ni sodiamu valproeti, na inawezekana akatajiwa hiyo. Kwa msichana ni jambo zito. Mimba ikimkuta anaitumia, kama mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro kubwa, na 3 hadi 4 kati ya 10 huweza kuwa na matatizo ya ukuaji wa akili. Shirika la Afya Duniani limeshauri isitumike kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba. Ipo dawa nyingine, levetirasetamu, inayofaa kwa mitikisiko. Ni ghali zaidi, nami najua ninachosema ninapotaja gharama kwa mzazi mwenye karo mlangoni. Uliza hata hivyo, na uliza kwa sauti.

Shuleni arudi. Nenda umwone mwalimu mkuu na metroni, uwe na barua ya kliniki mkononi. Waombe mambo machache: apate usingizi wa masaa manane kamili kila usiku, asiamshwe saa kumi alfajiri kwa masomo ya ziada hata wakati wa mitihani, asikae chini ya tyubu inayopiga, vidonge vyake vikae kwa metroni na vitolewe kwa saa, asilale kitanda cha juu. Asiogelee wala kuteka maji kisimani peke yake, na nyumbani asipike peke yake kwenye sigiri au moto wa kuni, maana makovu mengi ninayoyaona kliniki ni ya moto. Akianguka, wamtoe kwenye ule mwanga, wamlaze ubavu, waweke kitu laini chini ya kichwa, waangalie saa. Wasimtie kijiko mdomoni, wasimmwagie maji, wasimkandamize. Na mate yake hayamwambukizi mtu; waambie wanafunzi wenzake hivyo wazi, kwa sababu watoto wameachwa chini wakiungua huku wenzao wakiogopa kuwagusa. Ikipita dakika 5 hajatulia, ni hospitali mara moja.

Huenda pia unajiuliza kama ni kwa maisha. Wengine uchokozi wa mwanga huwapungua wakishavuka miaka 20 na kitu, lakini wengi huendelea nao, na aina yenye mitikisiko mara nyingi huhitaji dawa kwa miaka mingi. Kwa dawa inayomfaa, wengi hukaa bila kuanguka kabisa, husoma, huolewa, huzaa, hufanya kazi.

Nunua daftari dogo. Kila siku andikeni saa aliyolala, saa aliyoamka, kama alimeza dawa, kama mikono iliruka, na mwanga wowote uliomsumbua. Ajiandikie mwenyewe, ni mtu mzima wa kutosha. Nendeni nalo kliniki wiki hii, kisha niandikie dawa waliyompa na kipimo chake, na kama chai bado inamwagika.